Tiki ya Kijani kwenye Ghorofa ya Nne

Nilikuwa nimesimama juu ya kibanda cha lifti, kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, tochi kichwani, kitufe chekundu cha kusimamisha kimeshabonyezwa. Usawa wa kifua changu kulikuwa na kufuli ya mlango wa ghorofa ya nne. Ni kipande cha chuma chenye umbo la ndoano, hakizidi sana kidole gumba. Mlango ukijifunga, ndoano huanguka nyuma ya kishikio chake, na hapo ndipo lifti huruhusiwa kuondoka.

Ndoano ilikuwa imeshika kwa ncha tu.

Nikatoa rula ndogo ya chuma. Nikachora mstari kwa kalamu pale kishikio kilipoishia, nikainua ndoano kwa kidole, nikapima. Milimita 3. Nikafuta mstari, nikaanza upya, kwa sababu sikutaka kuamini. Milimita 3.

Viwango vya Ulaya vya EN 81, ambavyo ndivyo tunavyofuata kazini, vinataka ndoano iwe imeingia angalau milimita 7 kabla kibanda hakijaanza kutembea.

Nikafungua simu kwenye orodha ya ukaguzi, nikashuka hadi kipengele kinachosema "Kufuli za milango ya ghorofa". Chini yake programu huonyesha historia. Mwezi uliopita: tiki ya kijani. Mwezi wa kabla yake: tiki ya kijani. Wa kabla ya huo: tiki ya kijani.

Zote tatu zina jina langu.

## Tunachoogopa sisi

Abiria huogopa kamba. Kila nikikaa na watu wakajua kazi yangu, swali ni lile lile: kamba ikikatika je? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1854 jijini New York, pale Elisha Otis alipopanda juu ya jukwaa la lifti mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe, na jukwaa likashuka kidogo tu kisha likanasa kwenye reli zake. Siku hizi lifti ya kamba hutundikwa kwa kamba kadhaa, na zikiwa tatu au zaidi, kiwango kinadai ziwe na nguvu ya angalau mara 12 ya mzigo zinaoubeba. Mwendo ukizidi kipimo, gavana, yaani kifaa kinachochunga kasi ya lifti, huvuta breki za dharura na kibanda hung'ang'ania reli. Sisemi kamba hazina haja ya kuangaliwa. Ninazikagua nyuzi kwa nyuzi. Ila usiku sizioti.

Ninachokiota ni mlango.

Mlango wa ghorofa ndicho kitu pekee kinachomtenga mtu na shimo. Upande mmoja kuna korido yenye taa, mtoto anakimbia, mtu amejiegemeza anasoma ujumbe. Upande wa pili hakuna sakafu. Na kinachoushikilia mlango usifunguke wakati kibanda kipo kwingine ni kile kijindoano nilichokuwa nimekiinua kwa kidole.

Ubaya wa ndoano iliyoshika milimita 3 ni kwamba lifti hailalamiki. Inapanda, inashuka, milango inafunguka kwa adabu. Abiria hana namna ya kujua. Na fundi asiyepima, naye hana.

## Kontakti iliyokunjwa

Nikaizima lifti, nikatundika vibao kila ghorofa, nikarudi juu ya kibanda kutafuta chanzo.

Boliti za kishikio zilikuwa zimelegea. Mlango hujigonga mamia ya mara kwa siku, na boliti isiyokazwa vizuri hatimaye husogea. Kishikio kilikuwa kimeshuka. Hilo peke yake lisingekuwa hatari sana, kwa sababu pale kwenye kishikio kuna kontakti ya umeme: ndoano isipofika inapotakiwa, saketi haifungi, na lifti hukataa kutembea. Ndivyo ilivyoundwa. Ikikosa uhakika, inagoma.

Lakini vile vibamba viwili vya shaba vya kontakti vilikuwa vimekunjwa kwa koleo kuelekea juu, ili viguse ndoano mapema.

Mtu alikuja akakuta lifti imegoma, akaona kontakti haigusani, akaisogeza hadi ikagusana. Lifti ikatembea. Abiria wakashukuru. Akaondoka.

Nikatafuta kwenye rekodi za wito wa dharura. Ghorofa ya nne ilikuwa imeitiwa fundi mara mbili ndani ya nusu mwaka. Zote mbili maelezo ni sawa: "Hitilafu ya mlango. Imerekebishwa." Mara moja alikwenda mwenzangu.

Mara moja nilikwenda mimi.

Wiki sita sasa ninajaribu kuukumbuka mchana ule. Nakumbuka lile jengo, nakumbuka mzee aliyekuwa akisubiri na mikoba yake, nakumbuka nilikuwa na wito mwingine nyuma yake. Koleo mkononi mwangu silikumbuki. Wala siwezi kuapa kwamba halikuwepo. Neno "imerekebishwa" haliniambii chochote, na niliyeliandika ni mimi.

## Dakika nne

Jioni ile nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nilisoma rekodi zangu mwenyewe kama anavyozisoma mkaguzi wa nje.

Orodha yetu ina vipengele 58. Kila tiki huhifadhiwa na saa yake. Kwenye ziara ya mwezi uliotangulia, tiki ya kwanza iliingia saa 4:42 asubuhi na ya mwisho saa 4:46. Vipengele 58 kwa dakika nne. Lakini mle jengoni nilikaa zaidi ya saa moja na nusu, na rekodi ya kuingia getini inathibitisha.

Maelezo yapo, na ni ya kweli. Ndani ya shimo mtandao haufiki, na toleo la zamani la programu lilikuwa likigoma kuhifadhi bila mtandao. Kwa hiyo tulizoea kufanya kazi kwanza, kisha kutoka hadi sebuleni, kukaa kwenye kiti na kujaza yote kwa mkupuo. Programu ilisharekebishwa kitambo. Mazoea yalibaki.

Najua niliyoyafanya siku ile. Nilisafisha chini ya shimo, nilijaribu breki, nilipaka mafuta kwenye reli, nilibadilisha taa ya dharura. Kufuli je? Nilipanda juu ya kibanda nikapita ghorofa zote kwa mwendo wa ukaguzi, na kila mlango ukajifunga kwa ule mlio wake. Klik. Masikio yangu yameuzoea mlio huo kwa miaka, na ghorofa ya nne nayo ililia kama wenzake.

Nilisikia. Sikuangalia.

Nilipofika sebuleni nikakuta swali linaloniuliza kama kufuli ni sawa, nikajibu sawa, na moyoni sikuhisi kwamba nimesema uongo. Hapo ndipo paliponikaa kooni. Anayedanganya hujua anachokificha. Mimi sikuwa na la kuficha. Nilikuwa na mlio kichwani na kidole juu ya kioo cha simu.

## Karatasi haikuwa na utakatifu

Mafundi wenzangu wa rika langu hupenda kusema simu ndiyo iliyotuharibu, kwamba enzi za daftari mtu alifanya kazi kwelikweli. Nami niliwahi kusema hivyo.

Si kweli. Nililijaza lile daftari. Nililijaza nimeegemea usukani wa gari, majengo matano kwa wakati mmoja, kwa kalamu mbili za rangi tofauti ili isionekane ni siku moja. Nalisema hapa kwa sababu ninaowaandikia wengi wao walifanya hivyo pia, na hatujawahi kuambiana.

Daftari lisingenionyesha zile dakika nne. Simu ndiyo iliyonishika. Ndiyo maana siwezi kujiunga na wanaotaka turudi nyuma.

## Orodha ni ya nani?

Tarehe 30 Oktoba 1935, uwanja wa Wright Field huko Ohio, ndege ya majaribio ya Boeing iliyoitwa Model 299 ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka. Wawili walifariki. Injini zilikuwa nzima. Vile vifungo vinavyozuia mabawa ya usukani yasipigwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa havikuwa vimefunguliwa. Rubani alikuwa mzoefu. Ndege tu ilikuwa na mambo mengi kuliko kichwa kimoja kinavyoweza kuyashika. Marubani wakaanza kutumia orodha fupi zilizoandikwa, na kutoka huko desturi hiyo ilisambaa hadi vyumba vya upasuaji: mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya usalama wa upasuaji, yenye vipengele 19.

Ukiitazama orodha ya rubani utaona inazungumza na rubani. Inamshika mkono kabla ya tendo. Kikifunguliwa kifungo, basi; hakuna anayeikusanya karatasi ile kuipeleka kwenye faili.

Yetu inazungumza na nani?

Nimeisoma upya neno kwa neno. "Hali ya kamba: sawa / si sawa." "Hali ya kufuli: sawa / si sawa." "Usafi wa shimo: sawa / si sawa." Haya si maswali ya kumkumbusha fundi aliye gizani na grisi mikononi. Haya ni majibu yanayosubiriwa na mtu aliye mbali, ambaye siku moja atahitaji kuonyesha kwamba kazi ilifanyika. Sina ugomvi naye, ana haki ya kujua. Lakini orodha iliyoandikwa kwa ajili yake ndiyo hiyo hiyo niliyopewa mimi ifanye kazi ya kumbukumbu, na kazi hizo mbili zinavutana.

Wakati nikiwaza haya, Lisbon hainitoki akilini. Tarehe 3 Septemba 2025 waya unaovuta gari la reli la Glória, lile la kupanda mlimani, ulikatika pale ulipofungwa kwenye gari, na watu 16 wakafa. Asubuhi ile ile gari lilikuwa limekaguliwa kwa macho. Wachunguzi walieleza kwamba sehemu ilipokatika haionekani bila kufungua mitambo.

Aliyekagua asubuhi ile aliangalia alichoweza kukiona. Ninamfikiria mara nyingi. Yeye alikuwa na sababu ya kutoona. Ndoano yangu ilikuwa wazi mbele ya kifua, tochi inaimulika.

## Kitufe cha "Zote sawa"

Nilikwenda ofisini na hasira yangu. Kwenye programu yetu, juu kabisa ya orodha, kulikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa "Zote sawa". Ukikibonyeza, vipengele vyote 58 vinapata tiki, kisha unabadilisha vile vyenye kasoro. Ndicho kilichofanya dakika nne ziwezekane. Nilitaka kujua ni nani aliyebuni kitu cha namna hiyo.

Kijana anayeitunza programu hakubishana. Alifungua faili la maombi ya zamani, akanigeuzia kompyuta.

"Fundi, mliomba nyinyi."

Lilikuwepo. Ombi la mafundi, limepigiwa kura katika kikao cha kazi, kwa maelezo kwamba orodha ni ndefu na inapoteza muda wa kazi halisi. Nilikuwepo kwenye kikao kile. Nilinyoosha mkono.

Tulikaa pale karibu saa mbili. Jambo nililomwomba lilikuwa moja: asiniulize kama kufuli ni sawa. Aniulize ndoano imeingia milimita ngapi, ghorofa kwa ghorofa. Jibu la "sawa" naweza kulitoa nikiwa kitini sebuleni. Namba siwezi kuipata bila kusimama mbele ya ndoano na rula.

Hivyo ndivyo nilivyoamini, kwa wiki moja.

Wiki ya pili, mwenzangu mmoja alinionyesha simu yake. Programu, kwa wema wake, ilikuwa ikiijaza namba ya ziara iliyopita ili fundi asiandike upya. Ghorofa zote: 9, 9, 8, 9. Unapita unabonyeza "endelea". Tukaliondoa hilo, sasa kisanduku huja kitupu, na namba ya zamani huonekana baada ya kuandika mpya, ikiwa na tofauti yake pembeni. Tofauti hiyo imeshatusaidia. Ndoano iliyokuwa 9 ikawa 8, kisha 7, haijavunja kiwango lakini inakueleza boliti inafanya nini.

Picha zilinipa shida zaidi. Ofisi ilipendekeza kila kufuli ipigwe picha. Nilikubali haraka, nikajuta siku ya kwanza. Juu ya kibanda mkono mmoja ni wa kushika na mmoja ni wa kazi, mkono wa tatu hakuna. Mtu anayetazama kioo cha simu hatazami boriti inayokuja juu ya kichwa chake. Orodha ya usalama isiyompa fundi nafasi ya kushika ukingo inamtafutia ajali. Tukapatana: kibanda kikitembea, simu ipo mfukoni na zipu imefungwa. Picha ni ya kasoro tu.

Na neno "imerekebishwa" halikubaliki tena peke yake. Programu inauliza: umefanya nini, kwa kifaa gani, na umepima ngapi baada ya hapo. Mafundi watatu wamenilalamikia kwamba nimewaongezea kazi. Wana haki. Ni kazi iliyoongezeka.

## Sauti juu ya kibanda

Siku hizi ninakwenda na mwanafunzi wa ufundi. Wafanyakazi wa reli wa Japani wana desturi ya kunyooshea kitu kidole na kutaja hali yake kwa sauti, hata mtu akiwa peke yake: anaonyesha taa, anasema rangi yake. Nilikuwa nikiiona kama maonyesho. Sasa tunafanya kitu cha jamaa yake. Mimi napima, nagusa ndoano kwa ncha ya rula, nasema, "Ghorofa ya pili, tisa." Yeye anarudia, "Ghorofa ya pili, tisa," na anaiandika pale pale, kibanda kimesimama.

Siku ya tatu nilipita mlango mmoja nikasema "nane" huku nikiugeukia mlango unaofuata. Hakurudia. Kukawa kimya.

"Samahani fundi," akasema, "rula haikugusa."

Ni kweli haikugusa. Nilirudi nikapima. Ilikuwa nane. Jicho langu lilikuwa limekisia sawasawa, na kwa dakika nzima nilitamani kumwambia kwamba uzoefu nao una thamani yake. Sikumwambia. Jicho hilo hilo, na sikio lake, ndilo lililoipa ghorofa ya nne tiki tatu.

## Maandishi niliyoyaacha

Programu hairuhusu kufuta tiki za nyuma, na ni vizuri. Lakini inaruhusu kuongeza maelezo. Kwenye rekodi ya jengo lile niliandika kwamba tiki zangu za kufuli za miezi mitatu zilizotangulia zisitegemewe, kwa kuwa kufuli hazikupimwa, na kwamba ghorofa ya nne ilikutwa na milimita 3 na kontakti iliyokunjwa. Niliandika pia kwamba mmoja wa mafundi wawili waliowahi kuitwa pale ni mimi.

Msimamizi wangu alinipigia simu kabla ya saa sita mchana. Aliniuliza kama ninajua kwamba mwenye jengo anaisoma rekodi hiyo. Nikamwambia najua. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nimekagua majengo yangu mengine.

Yalikuwa kumi na moja. Nilimaliza la mwisho wiki iliyopita. Nilikuta ndoano nyingine mbili chini ya 7: moja 6, nyingine 5. Kontakti zao zilikuwa nzima, hazijakunjwa. Nimezipima zote baada ya kukaza, na namba zipo.

## Kipengele cha 41

Nilidhani nimemaliza, kisha juzi nikafika kwenye kipengele cha 41: "Simu ya dharura ndani ya kibanda: sawa / si sawa."

Nikabonyeza kengele. Ikaita. Kidole kikaenda kwenye tiki chenyewe, na nikakizuia nusu ya njia.

Kwa miaka yote hii nimebonyeza, nikasikia ikiita, nikakata ili nisimsumbue mtu wa upande wa pili. Vifaa vipya hujipigia vyenyewe kila baada ya siku chache kupima kama laini ipo, na ile taa yao ya kijani nimeitegemea pia. Sijawahi kusubiri hadi mtu apokee. Sijui kama aliyekwama mle ndani anasikika vizuri, au kama anayepokea anajua anwani ya jengo.

Jumanne nina lifti mbili. Nitaingia kibandani, nitaacha milango ijifunge, nitabonyeza, na sitakata.